Lita Isiyo na Kazi

Swali la kwanza hapa Wai, kabla ya bei,
kabla ya rangi, kabla salamu haijaitikiwa:
inakwenda kilomita ngapi kwa lita?
Jirani huuliza. Kuhani wa hekalu huuliza.
Mama, asiyejua klachi iko mkono gani,
aliuliza akiwa na unga wa uwele viganjani.

Ndogo inakwenda sabini, nikamjibu.
Kubwa, thelathini na mbili, ukiibembeleza.
Akageuza mkate kikaangoni:
"Sasa hapo unachotafakari ni nini?"

Mimi, Shalaka Mohite, kazi yangu ni ng'ombe.
Nyuma ya kiti nafunga mtungi wa nitrojeni,
ndani yake mbegu za mafahali nisiowahi kuwaona.
Mkulima akipiga simu alfajiri, mtamba wake analia,
napiga kiki, naondoka bila chai.
Kila ng'ombe ana malipo yake,
na daftari langu lina safu moja inayonitisha: petroli.

Jumanne, Nivrutti Pansare wa dukani
alinirushia ufunguo wa ile kubwa.
"Onja," akasema,
kama anayekukatia kipande cha sukari guru sokoni.

Kona ya kwanza ya mlima Pasarni niliichukua kwa adabu.
Ya pili, adabu ikapungua.
Ya tatu, injini ilikuwa inadunda chini yangu,
du, du, du, kama mtu anayetwanga bila haraka
kwa kuwa anajua nafaka ipo.
Sikugusa gia. Mlima ulijikunja wenyewe ukapita.
Juu, Panchgani, kwenye stroberi na moshi wa mahindi,
nilivua kofia nikagundua nilikuwa naimba,
mimi ambaye hata kwenye harusi yangu
nilichezesha midomo tu.

Kisha nikatazama mshale wa mafuta.
Ulikuwa umelala, kama mbwa aliyeshiba cha watu.

Baba alipofika kilele hiki alizima injini.
Petroli ni pesa, alisema, mteremko ni bure.
Mimi mbele juu ya tangi, mama nyuma kashika sari isinaswe na mnyororo,
tukashuka kimya kona zote,
tukisikia ndege, breki, na matairi yakilamba lami.
Nilidhani ananifurahisha.
Kumbe alikuwa anabana matumizi.
Au yote mawili. Sikumuuliza,
na sasa picha yake ukutani imevishwa maua.

Nilinunua ndogo.
Nivrutti aliandika risiti
kama anayeandika cheti cha kifo.

Kinachobaki nakigawa: mkopo, dawa za mama,
halafu lita moja kila mwezi, yenye safu yake daftarini.
Nimeiita isiyo na kazi.
Haina mtamba, haina mtungi, haimjibu mtu simu.
Kwa ile kubwa ingenifikisha Mahabaleshwar na kunitelekeza huko.
Kwa hii naenda, narudi,
na zinabaki kilomita sita za kupotea.
(Hiyo ni hesabu ya dukani. Mlima una hesabu yake.)

Sisemi nilichagua vizuri.
Kona ya tatu inakohoa, narudi gia ya pili,
basi la wanafunzi linanipita, wote wananipungia mikono
kwa huruma ambayo sikuiomba.
Na siku nyingine ile kubwa hunipita pia, du, du, du,
na mapaja yangu hukumbuka kabla yangu.

Kushuka, sizimi injini. Nimeona ajali za kutosha
kunizidishia akili kuliko baba.
Ila kona ya mwisho, barabara inaponyooka kuelekea mtoni,
navuta klachi,
kidogo tu,
nisikilize.